Wanafunzi wa sekondari katika shughuli za jamii: tunayoyaona Mgogoni, Pemba

Mgogoni, kaskazini mwa Pemba, ni kama vijiji vingine vya kisiwa hiki: shughuli yenye watu wengi haiendi bila mikono ya wanafunzi. Iwe harusi, khitma, maulidi, siku ya kugawa dawa, usafi wa kisima au umwagaji wa zege la darasa jipya, vijana wa sekondari ndio wanaochota maji, wanaopanga viti, wanaoandika majina na wanaobeba masinia. Wengi wao hawalipwi wala hawatarajii kulipwa.

Makala hii inaeleza kazi hiyo ina faida gani, inapangwaje, na wapi inaacha kuwa kujitolea ikawa kutumikishwa. Tumeiandika kwa ajili ya wazazi, walimu, masheha na wanafunzi wenyewe.

Si jambo la kuletwa

Umoja wa Mataifa uliichagua tarehe 5 Disemba, mwaka 1985, kuwa Siku ya Kimataifa ya Wanaojitolea. Lakini Pemba haikuisubiri tarehe hiyo. Msiba ukitokea, mmoja anakwenda kutafuta majembe na sepetu, mwengine anapanda baskeli kuwaarifu jamaa wa vijiji vya mbali, na akinamama wanakusanya masufuria bila ya kuitwa mara mbili. Hakuna anayesema anajitolea. Ni ujirani tu, leo kwangu kesho kwako.

Serikali nayo imeutegemea moyo huo kwa miaka mingi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kazi za pamoja za kufyeka, kusafisha na kujenga zilijulikana kwa jina la ujenzi wa taifa, na wazee bado wanalitumia neno hilo. Mwaka huohuo, tarehe 23 Septemba, elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar, na siku hiyo hukumbukwa kwa tamasha la wanafunzi la michezo na sanaa. Elimu ilikuwa bila ada, ila majengo yamekuwa yakihitaji nguvu za watu. Hadi leo ni kawaida wananchi kuanza kuinua kuta za darasa, kisha serikali ikaja kumalizia. Mchanga, kokoto na maji ya kazi hiyo, sehemu kubwa hubebwa na wanafunzi watakaosoma ndani ya chumba hicho hicho.

Kuna pia skauti. Chama hicho kilianzia Uingereza mwaka 1907 na kikafika Zanzibar miaka michache baadaye. Kwenye sherehe za kitaifa utawaona skauti wakipanga watu na kuelekeza njia. Faida yao ni kuwa wamefundishwa kabla ya kupewa kazi, jambo ambalo shughuli zetu nyingi za kijijini hulisahau.

Somo la kichocho

Kama kuna mfano mmoja wa kuonesha mwanafunzi anaweza kuisaidia jamii yake kwa namna ambayo mtu mzima hawezi, basi ni vita dhidi ya kichocho. Pemba inaijua maradhi hii vizuri. Mtoto anakojoa damu, na zamani baadhi ya watu waliiona ni hali ya kawaida ya kukua. Vijidudu vyake vinaishi ndani ya konokono wa maji baridi, kwenye mito, mabwawa na mabonde ya mpunga. Mtu mwenye maradhi akikojoa majini, mayai hutoka na mkojo, vijidudu huingia kwa konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya yeyote anayeoga, anayefua au anayevuka maji hayo.

Kuanzia mwaka 2011, Zanzibar iliingia katika mradi mkubwa wa kuutokomeza ugonjwa huu. Ulihusisha shehia 90, yaani 45 Unguja na 45 Pemba. Zote zilipata dawa ya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka. Theluthi moja ya shehia iliongezewa kazi ya kuua konokono, na theluthi nyengine iliongezewa elimu ya kubadili tabia. Katika kundi hili la mwisho walimu walifundishwa, skuli zikafanya Siku ya Kichocho, na watoto wakaoneshwa michezo ya kucheza mbali na maji. Kichocho kilipungua, lakini hakikwisha, na ndiyo maana kazi ya kuelimishana bado ipo.

Sisi tunalipenda somo hili kwa sababu moja. Mtoto wa miaka tisa anayecheza mtoni hamsikilizi daktari. Anamsikiliza kaka yake wa kidato cha tatu, anayecheza naye mpira na ambaye mwenyewe aliwahi kuoga pale pale. Hapo mwanafunzi si mbeba maji wa shughuli, ni mwalimu.

Siku ya kugawa dawa nayo ina kazi za mwanafunzi na zisizo zake. Anaweza kuandika majina, kumsaidia bibi asiyeona vizuri kufika kituoni, kupita nyumba kwa nyumba jioni ya siku ya kabla yake kuwakumbusha watu wale chakula kabla ya kumeza, maana ukimeza na njaa unaweza kupata kichefuchefu na kizunguzungu. Lakini kumpima mtu kwa ile fimbo ya urefu, kuhesabu vidonge na kumpa mtu ameze ni kazi ya mgawaji aliyefundishwa. Mgawaji akichoka, mwanafunzi hashiki kopo la dawa hata kwa dakika tano.

Pale kujitolea kunapogeuka

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa hivyo wanafunzi wengi wa sekondari, hata wale waliokwisha kuota ndevu, bado ni watoto mbele ya sheria, na mtu mzima anayewaita kwenye kazi anabeba dhamana yao.

Namna rahisi ya kupima ni kuuliza: mwanafunzi huyu akikataa, itakuwaje? Kama jibu ni kwamba atachapwa, atapunguziwa alama au atasemwa mbele ya wenzake, basi hajajitolea, ametumwa. Kutumwa na mkubwa si dhambi, watoto wetu wote tunawatuma. Ila tusiite kujitolea, kwa sababu neno hilo likitumika ovyo, vijana hulichukia.

Karafuu ni mfano mwengine. Kuchuma kuna malipo yake kwa pishi, na kupanda mkarafuu kuna hatari ya kuanguka. Mwenye shamba anayewaomba wanafunzi wamsaidie bure, kwa jina la jamii, anajisaidia mwenyewe. Vivyo hivyo mikutano ya vyama vya siasa. Mwanafunzi mwenye umri wa kupiga kura ana haki ya kwenda kama raia, lakini skuli kuwapanga watoto kushangilia jukwaani si shughuli ya jamii, na Pemba tunajua mambo hayo yanavyoweza kuwafarikisha majirani.

La wasichana tunaliona halisemwi vya kutosha. Kwenye harusi mvulana anapanga viti saa moja, anakaa kivulini. Msichana anaanza usiku wa kuamkia siku hiyo kuchambua mchele na kukuna nazi, na watu wanapokwenda nyumbani yeye yuko kwenye vyombo. Kesho yake wote wawili wana kipindi cha hisabati. Kazi hiyo inaonekana ni ya kawaida tu kwa mtoto wa kike, kwa hivyo haihesabiki wala haishukuriwi. Mwenye shughuli anaweza kulirekebisha hili bila ya mkutano wala semina: wavulana nao waoshe masinia.

Jinsi ya kuomba na kukubali

Msaada wa wanafunzi wengi kwa pamoja uombwe kupitia kwa mwalimu mkuu, na sheha ajue. Sheha ndiye mwakilishi wa serikali katika shehia, na likitokea la kutokea yeye ndiye atakayeulizwa mwanzo. Ujumbe wa simu unatosha, almuradi useme kila kitu. Kwa mfano:

“Asalaam alaykum Mwalimu. Jumamosi tuna usafi wa kisima. Tunaomba wanafunzi 12, wavulana na wasichana, saa 1 hadi saa 4 asubuhi. Kazi ni kufyeka njia na kuzoa taka. Kuingia kisimani ni watu wazima tu. Chai ipo. Wazazi waulizwe kwanza.”

Tazama ulichobeba ujumbe huu: idadi, saa ya kuanza na ya kumaliza, kazi yenyewe, kazi isiyoruhusiwa, chakula, na mzazi. Saa ya kumaliza ndiyo husahauliwa sana. Shughuli ya jioni ikichelewa, wasichana wanarudi gizani, na hapo mwenye shughuli ahakikishe wanafikishwa majumbani na mtu mzima anayejulikana na wazazi wao.

Kalenda ya mitihani nayo iangaliwe. Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba na wa kidato cha sita Mei. Miezi miwili kabla ya hapo, watahiniwa waachwe wasome, hata kama ndio wenye nguvu na wanaoaminika zaidi. Vidato vya kwanza na vya pili wapo, na hawatajua kazi kama hawajapewa.

Fedha za michango zisishikwe na mwanafunzi peke yake. Akipewa kazi ya kuandika wachangiaji, mtu mzima ashike pesa na wote wawili waweke saini mwisho wa orodha. Hii inamlinda kijana kuliko inavyomlinda mwenye shughuli, kwa sababu shilingi elfu tano ikipotea, wa mwanzo kutazamwa atakuwa yeye.

Na wewe mwanafunzi, kuwa na daftari. Andika tarehe, shughuli, kazi uliyofanya na jina la aliyekusimamia. Ukimaliza kidato cha nne au cha sita, ukawa unaomba nafasi ya masomo au kazi, utaulizwa una uzoefu gani, na wengi hujibu hawana, ilhali wamehudumia mamia ya watu. Nenda na daftari hilo kwa mwalimu mkuu au sheha, uombe barua yenye muhuri. Iombe mapema, kabla aliyekusimamia hajahamishwa.