Herufi Moja ya Meli ya Kigoma na Makosa ya Seva

Meli ambayo watu wa Kigoma wanaijua kwa jina la Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha; Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Jina hilo jipya halisumbui kompyuta yoyote. La zamani lina herufi ö, nayo inaweza kufanya picha yenye jina hilo, iliyomo ndani ya seva, ijibiwe 404, yaani haipo. Fundi hukimbilia kuilaumu herufi. Lawama hiyo haistahili: kilichokosekana ni mapatano ya namna ya kuiandika.

Anwani za wavuti zilirithi ASCII, mfumo ulioanza mwaka 1963 wenye nafasi 128 tu, uliotungwa kwa ajili ya Kiingereza. Desemba 1994 Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, na wenzake walitoa kanuni kwamba alama isiyoruhusiwa igeuzwe baiti, na kila baiti iandikwe kwa alama ya asilimia ikifuatwa na tarakimu au herufi mbili. Nafasi tupu ikawa %20. Kanuni haikusema baiti hizo zitoke katika mfumo upi. Basi ö ikawa %F6 kwa waliotumia mfumo wa Ulaya Magharibi, na %C3%B6 kwa waliotumia UTF-8, mfumo unaobeba herufi za lugha nyingi. Mwongozo wa Januari 2005 uliegemea UTF-8, lakini viungo vya zamani havikujirekebisha. Tena kompyuta za Mac kwa miaka mingi zilihifadhi majina ya mafaili kwa kuitenga o na nukta zake, na hapo tunapata o%CC%88. Machoni ni herufi ileile. Kwa seva ni majina matatu.

Wapo watakaosema: andika Goetzen, yaishe. Kwa anwani mpya ushauri huo unafaa, na Wajerumani wenyewe huandika hivyo herufi inapokosekana. Lakini haumsaidii msomaji anayeandika Götzen kwenye kisanduku cha kutafutia, wala haugusi mafaili yaliyokwisha kupewa majina. Kwetu tatizo liko karibu zaidi. Neno ng'ambo, ambalo mtu wa mwambao wa ziwa hawezi kuliepuka, lina ritifaa. Mwongozo wa 2005 unairuhusu ritifaa katika anwani, ila katika amri za hifadhidata alama hiyohiyo hufunga maneno. Programu iliyoandikwa ovyo huvunjika na kutoa 500, yaani hitilafu ya ndani. Programu ya ulinzi wa seva iliyoambiwa kuiogopa hujibu 403, yaani hairuhusiwi. Simu nazo huweza kuipinda ritifaa ikawa alama nyingine kabisa, %E2%80%99.

Hoja ya usalama ni nzito, kwa kuwa wavamizi kweli huitumia ritifaa kupenyeza amri zao. Hata hivyo kinga imara ni kutenganisha amri na maneno ya mtumiaji kabla hayajafika kwenye hifadhidata. Kuizuia alama ni kumfungia mlango anayetafuta habari za ng'ambo, huku mvamizi akijaribu njia nyingine.

Kwa hiyo uchunguzi uanzie kwenye logi za seva, si kwenye kivinjari, maana kivinjari huipamba anwani isomeke vizuri. Ukikuta 400, yaani ombi lenye kasoro, tafuta alama ya asilimia isiyofuatwa na tarakimu au herufi mbili sahihi. Ukikuta %25 katikati ya jina, huenda anwani imegeuzwa mara mbili, na alama ya asilimia yenyewe ikageuzwa. Kwa 404, linganisha baiti za anwani na za jina la faili, kisha majina yote yawekwe katika UTF-8 yenye umbo moja, ö ikiwa nzima. Anwani za zamani zenye %F6 zisifutwe. Zielekezwe kwa 301, yaani imehamia moja kwa moja, kwenye mpya, ili kiungo kilichowekwa kabla ya 2005 kiendelee kumfikisha msomaji kwenye picha ya meli.