Bao na Igisoro: Jina la Mchezo Kama Ushahidi wa Historia

Utangulizi

Katika masomo ya utamaduni tunayowapa wanafunzi wa Kiswahili, bao huletwa kama mchezo wa pwani: wazee wawili barazani, kofia kichwani, kikombe cha kahawa pembeni. Picha hiyo si ya uongo. Hata hivyo, inamtia mashakani mwalimu anayefundisha mahali kama Mahoko, katika sekta ya Kanama, wilaya ya Rubavu, kaskazini magharibi mwa Rwanda. Mwanafunzi wa huko tayari ana mchezo wa safu nne wenye jina katika lugha yake, nao ni igisoro. Akiambiwa kwamba bao ni zawadi ya Waswahili kwa watu wa bara, atauliza swali la haki: je, igisoro nao ulitoka kwao? Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kutumia nyenzo iliyo karibu zaidi na sisi watu wa lugha, yaani maneno yenyewe.

Mchezo usio na mwasisi

Michezo na sanaa nyingi za mezani zina tarehe ya kuzaliwa. Besiboli ya kadi na dadu iitwayo Strat-O-Matic ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1961 na mwasisi wake, Hal Richman, anajulikana. Matofali ya LEGO ya kujengea vinyago vya nyumba na magari yaliombewa hataza nchini Denmark tarehe 28 Januari 1958. Mwanahistoria wa michezo hiyo hufungua jalada akasoma. Kwa bao na ndugu zake hakuna jalada la namna hiyo.

Ushahidi wa mawe upo, lakini ni mgumu kuupangia miaka. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya, kuna safu za vishimo zilizochongwa juu ya jabali, na Mary Leakey alichimba eneo hilo miaka ya 1937 na 1938. Kishimo kilicho wazi juu ya mwamba hakina tabaka la udongo wala mkaa wa kupimwa umri, hivyo aliyekichonga anaweza kuwa wa karne moja iliyopita au wa karne kumi. Maandishi nayo ni machache na yamechelewa. Mfaransa Étienne de Flacourt aliutaja mchezo wa jamii hii katika kitabu chake kuhusu Madagaska kilichotoka mwaka 1658. Kwa upande wa Rwanda, uchunguzi mpana ulisubiri hadi mwaka 1977, pale Philip Townshend alipochapisha kazi yake kuhusu michezo hii nchini Zaire ya wakati huo, Rwanda na Burundi. Mawe yakinyamaza na vitabu vikichelewa, tunabakiwa na majina.

Majina yanasema nini?

Tuanze na jina bao. Hili ni neno la Kiswahili lenye uhusiano wa wazi na ubao na mbao. Mchezo umepewa jina la kifaa chake. Jina hilo limesafiri: nchini Malawi mchezo huitwa bawo, na msikilizaji hahitaji kuelezwa kwamba neno lilifika huko kutoka pwani, kwa njia za biashara zilizoliunganisha Ziwa Nyasa na Bahari ya Hindi.

Sasa tulinganishe na majina ya bara. Wanyarwanda wana igisoro. Wasukuma wana isolo. Kongo kuna kisolo. Zambia kuna chisolo. Viambishi vya mwanzo vinatofautiana, lakini shina ni moja, -solo, ambalo katika Kinyarwanda hutamkwa -soro kwa sababu l ya lugha jirani mara nyingi hulingana na r ya Kinyarwanda. Eneo linalofunikwa na shina hili ni kubwa mno, na halifuati njia moja ya msafara.

Burundi wanatumia jina jingine, ikibuguzo. Kwa mtazamo wa kwanza jina hili linakata undugu, lakini Kinyarwanda kinaurudisha: kitendo cha kucheza igisoro huitwa kubuguza. Kwa hiyo mzizi ulio katika jina la Kirundi ndio ulio katika kitenzi cha Kinyarwanda.

Wanafunzi wa fonolojia watakuwa wameshaona jambo la ziada. Kwa nini igisoro ina g, ilhali ikibuguzo ina k? Jibu ni Kanuni ya Dahl, iliyopewa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyefanya kazi Unyamwezi. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, k ya kiambishi hugeuka g pale konsonanti inayofuata inapokuwa isiyo ghuna. S ni sauti isiyo ghuna, hivyo tunapata igi-soro; b ni ghuna, hivyo k inabaki katika iki-buguzo. Kisolo cha Kongo hakikupitia mabadiliko hayo.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Mtu anaweza kudai kwamba g hiyo inathibitisha ukongwe wa neno. Haithibitishi. Kitabu, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, lilipoingia Kinyarwanda liligeuka igitabo kwa kanuni hiyo hiyo. Kanuni ya Dahl humvalisha mgeni nguo za mwenyeji tangu siku ya kwanza. Kinachotuonyesha ukongwe ni kule shina -solo kuenea katika lugha nyingi za bara pasipo kuwa jina la mchezo katika Kiswahili cha pwani.

Kilichokuja na kisichokuja

Rwanda ilichelewa kufunguliwa kwa misafara ya pwani. Mjerumani Graf von Götzen alipoivuka nchi hiyo mwaka 1894 na kukutana na Mfalme Kigeli IV Rwabugiri, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kukita mizizi Tabora na Ujiji miongo kadhaa kabla. Kiswahili kiliingia Rwanda kwa nguvu zaidi pamoja na utawala wa Wajerumani, askari wao na wachuuzi walioandamana nao. Gisenyi ikawa kituo cha mpakani, na mwaka 1916 Wabelgiji waliitwaa. Mji huo na Goma ni majirani wa ukuta mmoja, na ukaribu huo umekifanya Kiswahili kuwa lugha ya biashara katika eneo lote, pamoja na soko la Mahoko lililo kwenye barabara iendayo Musanze na Kigali.

Ujio huo umeacha alama katika Kinyarwanda: igitabo, iduka, ameza, isaha, isabune. Ni orodha ya vitu vya duka, shule na ofisi. Jina la bao halimo. Lingekuwa jambo la ajabu mchezo ufike pamoja na meza na sabuni, kisha uwe peke yake uliokataa jina la mleta. Hitimisho jepesi zaidi ni kwamba askari na wachuuzi waliukuta mchezo wa safu nne umekwisha kuwapo, nao una jina lake.

Kanuni za kucheza zinaunga mkono hoja hii. Vyote viwili vina vishimo 32 na kete 64, na katika vyote kete zilizoliwa hurudi kugawiwa upande wa aliyekula, tofauti na michezo ya safu mbili ambako huwekwa kando. Baada ya hapo njia zinaachana. Katika igisoro kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo, na mchezaji hula kete za vishimo viwili vya mpinzani, cha mbele na cha nyuma, kwa pamoja. Omweso wa Waganda nao hula hivyo. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 6 katika nyumba, 2 na 2 katika vishimo viwili vya jirani, na 22 mkononi. Na huliwa za safu ya mbele tu. Kuna awamu ya kunamua, ambapo kete za mkononi huingizwa moja moja, na awamu ya mtaji zinapokwisha. Igisoro hauna kunamua wala nyumba. Basi si bao lililopotea njia. Ni jamaa wa omweso, na bao ni jamaa yao wa pwani aliyejijengea taratibu zake.

Yote haya yanatufunza nini darasani?

Kwanza, mwanafunzi wa Mahoko asifundishwe bao kama mgeni kamili. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na ikakifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Kwa wengi shuleni Kiswahili ni lugha ya mtihani. Somo linaloanza na igisoro linamwambia mwanafunzi kwamba ana kitu cha kuleta mezani.

Pili, msamiati wa bao ni hazina inayopungua. Kijana aliyekulia mjini, hata Dar es Salaam, anaweza kujua mtaji wa biashara asijue mtaji wa bao. Anajua nguo kutakata, hajui kutakata kwa mchezaji asiye na cha kula. Anajua kulala kitandani, hajui kete kulala katika kishimo kitupu. Kunamua nako ni mfano mzuri wa kauli ya kutendua, ukiwekwa pamoja na kufungua na kuchomoa. Tasnifu ya Alexander de Voogt ya mwaka 1995 kuhusu mafundi wa bao Zanzibar ilihifadhi sehemu ya elimu hiyo, lakini neno huhifadhika vyema zaidi kinywani.

Tatu, gharama hakuna. Vishimo 32 uwanjani na kokoto 64 vinatosha. Wanafunzi wacheze igisoro kwanza, waeleze kwa Kiswahili kila wanachofanya, kisha mwalimu alete bao na maneno yake. Wasichana wacheze pia, kwani desturi ya mabaraza iliwaacha nje mara nyingi mno.

Hitimisho

Tumeona kwamba jina bao lilisafiri hadi Malawi lakini halikuchukua nafasi ya igisoro nchini Rwanda. Kwa hiyo swali la mwanafunzi wetu lina jibu: igisoro haukutoka pwani. Ni nani alianza kati ya bara na pwani, majina peke yake hayatoshi kuamua, na mwalimu asione haya kulisema hilo mbele ya darasa. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu walio karibu na wazee wanaobuguza, waandike majina ya vishimo, ya kete na ya kila hatua ya mchezo kama yanavyotamkwa nyumbani kwao, na watuletee idarani tuyalinganishe.