Mkono wa Nani? Habari ya Doti na Mita

Msafiri atokaye Nzega akafika Tinde, pale njia zinapoachana, moja ikishika Shinyanga na Mwanza na nyingine Kahama, amekanyaga nchi ya Usukuma ambayo mpelelezi Mwingereza Speke aliipita mwaka 1858 akitoka Tabora kwenda Ziwa Viktoria, na ambayo misafara ya zama hizo iliikata ikiwa na marobota ya merikani na kaniki, nguo ambazo hazikuwa vazi tu bali ndizo zilizokuwa thamani ya chakula na ya hongo la watemi.

Hesabu ya nguo hizo ilitoka katika kiwiliwili cha mwanadamu: shibiri mbili ni dhiraa, yaani mkono mmoja, tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati, dhiraa nne ni shuka, na shuka mbili ni doti, ambayo ni wari nne. Lakini mkono wa nani? Mwuzaji mfupi hufaidi kwa ufupi wake, na mnunuzi mrefu hutaka apime yeye; na inchi moja ikipungua katika kila mkono, zimepungua inchi 8 katika doti, na katika doti kumi imepotea zaidi ya shuka nzima. Hiyo ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Wafaransa waliazimu mwaka 1791 kutafuta kipimo kisicho cha mwili wa mfalme wala wa raia, wakakitwaa katika dunia yenyewe: sehemu moja katika milioni kumi ya masafa ya ncha ya kaskazini hata ikweta. Wanafalaki Delambre na Méchain walipima tangu Dunkirk hata Barcelona, na mwaka 1799 ikatolewa fimbo ya platinamu. Leo fimbo haihitajiwi tena: tangu 1983 mita ni mwendo wa nuru katika ombwe kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde, kipimo ambacho hakuna sultani wala tajiri awezaye kukirefusha.

Doti yenyewe haikufa. Khanga hununuliwa kwa doti hata leo, ila sasa ni hesabu ya vipande viwili, si ya mikono. Kitambaa cha jora hupimwa kwa mita, na kipimo cha mwuzaji chapasa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Ewe msomaji, itazame chapa ya uhakiki kabla mkasi haujapita.