Volvo Iliyotumika na Ushindi wa 1965

Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder na Jaswant Singh, walishinda mbio za East African Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Kiwanda kilikuwa kimeileta kwa Safari ya 1964. Baadaye Joginder alitania kwamba aliwazidi wenzake kwa kuwa injini yake ilikwisha kuzoea kazi.

Utani huo una ufundi ndani yake. Injini mpya ya siku hizo haikupelekwa safari ndefu papo hapo. Kuta za silinda hutoka kiwandani na mikwaruzo midogomidogo, na ringi za pistoni hulazimika kusuguana nazo taratibu mpaka zikae vizuri, hewa isivuje. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu mapema, chuma hupata joto na kuchubuka; ukienda mwendo mmoja kutwa nzima, ringi hazikai. Chembe za chuma huingia kwenye oili, ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema.

Hata hivyo, sikubali kwamba ukuukuu wa gari ndio ulioshinda. Gari lililopita Safari moja (barabara zetu za Uganda zikiwemo) hubaki na majeraha pia, springi na bodi havisalimiki. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Wasimulizi hukumbuka utani wake, husahau spana zake. Mwaka 1974 na 1976 alishinda tena, safari hizo kwa Mitsubishi Lancer.