Upendeleo wa sampuli
Upendeleo wa sampuli ni kasoro ya takwimu inayotokea pale njia ya kukusanya data inapowapa baadhi ya watu nafasi kubwa kuliko wengine ya kuhesabiwa. Mfano mashuhuri ni kura ya maoni kuhusu uchaguzi wa rais iliyofanywa na jarida la Literary Digest nchini Marekani mwaka 1936. Jarida lilituma karatasi takriban milioni 10, likitegemea zaidi orodha za wenye simu na magari, yaani watu wenye nafuu katikati ya mdororo wa uchumi. Zikarudi kama milioni 2.4, nalo likatabiri ushindi wa mgombea Alf Landon. Lakini mpinzani wake, Franklin Roosevelt, alishinda majimbo 46 kati ya 48.

Huenda mtu akasema wingi wa majibu hufuta kasoro. Haufuti: wingi hupunguza kosa la bahati nasibu tu, na majaribio ya kawaida ya takwimu hupima kosa hilo peke yake. Sampuli mbovu ikikuzwa, huongeza uhakika wa jibu lisilo sahihi. Wala orodha za jarida hazikuwa mkosaji pekee. Walionyamaza, zaidi ya robo tatu ya waliotumiwa karatasi, waliegemea upande wa Roosevelt zaidi kuliko waliojibu. Mtafiti wa maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo mno, alimtaja mshindi sawasawa. Jarida lilifungwa mwaka 1938.