Kompyuta Mpakato za Ipagala na Historia ya Nafasi ya Diski

Biashara ya kompyuta mpakato katika kata ya Ipagala, iliyoko mashariki mwa kitovu cha jiji la Dodoma, imekuzwa na maamuzi mawili ambayo kwa sura yake hayakuhusu kompyuta hata kidogo. La kwanza ni azimio la chama cha TANU la mwaka 1973 la kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, lililosuasua kwa zaidi ya miaka 40 hadi Rais John Magufuli alipotangaza upya mwezi Julai 2016 kwamba Serikali itahama. La pili ni kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007. Azimio lilileta watumishi, chuo kikaleta wanafunzi, na makundi yote mawili yakahitaji mashine ya kubebeka kwa bei ya kumudu. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya azimio lile, Serikali ya chama hichohicho ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini.

Marufuku hiyo ilipokuwa imekwisha sahaulika, mashine zilizowafikia wanafunzi, ambao wengi hununua pindi bumu, yaani fedha ya kujikimu itokayo Bodi ya Mikopo, linapoingia, zilikuwa kwa sehemu kubwa zile zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya na Marekani, zikapitia Dubai na Kariakoo kabla ya kupanda basi la Dodoma. (Mji wa Serikali nao umejengwa mahali paitwapo Mtumba, sadfa ambayo lugha imeiandaa yenyewe.) Kwa kuwa makampuni huuza mashine zao kwa mafungu baada ya miaka michache ya kazi, majina yaliyozoeleka mezani yakawa ya kiofisi: Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad. Matokeo yake ni kwamba fundi wa Dodoma amekuwa akifanya kazi na kiwango cha kiufundi ambacho viwanda vimekwisha kukiacha, na mteja anayelinganisha mashine mbili kwa jina la juu ya kifuniko pekee hupotea njia, kwa maana historia yenyewe imeandikwa ndani, kwenye nafasi ya diski.

Diski za awali zilikuwa za sahani zinazozunguka, za kipimo cha inchi 2.5, na ziliunganishwa kwa pini 44 hadi kiwango cha SATA, kilichoanza mwaka 2003, kilipozirithi. Hata ndani ya SATA unene ulitofautiana: mashine nyingi zilipokea diski ya milimita 9.5, lakini ThinkPad X220 ya mwaka 2011 hupokea ya milimita 7 tu. Mabadiliko makubwa yaliletwa na SSD, yaani hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka, ambayo kwa njia ya SATA husoma takribani megabaiti 550 kwa sekunde, wakati diski ya sahani huzungukia 100. Mashine ya miaka minane iliyobadilishiwa kifaa hicho huamka kana kwamba imezaliwa upya.

Ugumu ulizidi diski ilipobanwa ikawa kipande kisicho na ganda. Latitude E7240 ya mwaka 2013 hutumia kipande cha mSATA, ilhali E7270 ya mwaka 2016, inayofanana nayo kwa jina na umbo, hutumia M.2, na kimoja hakiingii mahali pa kingine. M.2 nayo ina vipimo vyake: 2242 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa 42, na 2280 ni urefu wa 80. Juu ya hayo, umbo hilohilo hubeba lugha mbili, SATA na NVMe, ambapo NVMe yaweza kufikia megabaiti 3,500 kwa sekunde. Anayekishika kipande mkononi hutazama ukingo wenye madini ya rangi ya dhahabu: cha SATA kwa kawaida kina mapengo mawili, cha NVMe kina moja. Kipande cha SATA huweza kuingia vizuri katika nafasi ya NVMe na skrubu ikakazwa, lakini mashine ikiwashwa haioni chochote, na mteja akadhani ameuziwa kibovu. Kwa hiyo fundi makini hugeuza mashine, akasoma namba kamili ya modeli iliyo chini yake, akafungua kifuniko na kupangusa vumbi, ambalo Dodoma halikosekani, ndipo akataja bei.

Ziko pia mashine zisizo na nafasi hiyo kabisa. Katika MacBook Pro za mwaka 2016 zenye Touch Bar, yaani ukanda wa kugusa juu ya kibodi, hifadhi imeunganishwa kabisa na bodi kuu: kiasi alichonunua mtu wa kwanza ndicho atakachobaki nacho wa mwisho.