Treni ya Kasi Meru na Embu: Tatizo Si Spidi

Leo naacha kidogo mambo ya programu na hifadhidata, nizungumzie swali linalonisumbua kila nikipanda matatu ya Embu: je, treni ya kasi inaweza kufaulu huku kwetu, kwenye miji iliyokua kwa kufuata gari? Kujibu swali hilo lazima turudi nyuma miaka mia moja na ushei.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Tawi la Thika lilifunguliwa 1913, kisha likasogea polepole kupitia Murang'a, Sagana na Karatina mpaka Nanyuki, karibu mwaka 1930. Hebu chukua ramani uangalie. Reli ilipita magharibi ya Mlima Kenya, ambako walowezi walikuwa na mashamba yao. Upande wa mashariki, yaani Embu na Meru, yalikuwa maeneo ya Waafrika, na hayakupata hata kilomita moja. Wakulima wa huku walipoanza kuruhusiwa kupanda kahawa miaka ya 1930, kahawa hiyo ilianza safari yake barabarani.

Kwa hivyo gari halikuishinda treni Meru na Embu. Treni haikuingia uwanjani kabisa.

Halafu mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akaruhusu matatu kubeba abiria bila leseni iliyokuwa ikihitajika. Kuanzia hapo miji yetu ilizidi kujipanga kando ya barabara: soko, benki, duka la mbegu na steji, vyote mahali pamoja. Hata kule Nanyuki kwenye reli, huduma ilififia na njia ikaota nyasi, mpaka ilipokarabatiwa na treni zikarudi mwaka 2020.

Sasa tuje kwa SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwezi Juni 2017. Wengi huiita treni ya kasi, lakini spidi yake ya abiria ni kilomita 120 kwa saa. Ile ya umeme ya Tanzania, iliyoanza 2024, hufika 160. Kimataifa, reli mpya huitwa ya kasi ikifika 250. Hata hivyo watu waliipenda SGR, na sikukuu zikikaribia tiketi ni taabu kupata. Malalamiko makubwa hayakuhusu spidi bali vituo: Miritini na Syokimau viko mbali na katikati ya miji.

Sisi watu wa kompyuta tuna sheria ya Amdahl, ya mwaka 1967: ukiharakisha sehemu moja tu ya programu, faida yako inawekewa mpaka na sehemu zilizobaki. Tuifanyie jaribio. Tuseme mama mfanyabiashara anatoka Runyenjes kwenda Gikomba. Dakika 45 kufika kituoni, 30 kusubiri, 45 ndani ya treni, 60 kutoka kituo cha Nairobi mpaka sokoni. Jumla ni 180. Ongeza spidi ya treni mara mbili: unaokoa dakika 22 tu. Lakini iache treni ilivyo, upunguze zile nyingine kwa nusu: unaokoa 67. Na hiyo ya pili haihitaji madaraja marefu juu ya mabonde.

Maana mabonde tunayo. Barabara ya Embu kwenda Meru inapinda na kushuka mto baada ya mto, na treni ya kilomita 300 kwa saa huhitaji kona pana mno, yenye nusu kipenyo cha kilomita 4 hivi. Ni madaraja na mahandaki tupu.

Mfano mzuri Afrika ni Moroko. Treni yao ya Al Boraq, kati ya Tangier na Casablanca, ilianza 2018 na hufika kilomita 320 kwa saa. Lakini Casablanca ilikuwa na tramu tangu 2012. Abiria akishuka, safari inaendelea.

Je, tukae tu bila reli? Hapana. Julai 2022 basi lililotoka Meru lilitumbukia Mto Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Pikapu za miraa hukimbia usiku kwa usiku kwa sababu mzigo ukichelewa unaharibika. Spidi tunayo tayari, na tunailipia kwa damu.

Maoni yangu: reli ya kawaida kutoka Sagana mpaka Embu, treni kila saa, steji ya matatu na bodaboda mlangoni mwa kituo, na tiketi moja kwa safari nzima. Vilevile tuitazame Isiolo. Mradi wa LAPSSET uliozinduliwa 2012 uliahidi reli kutoka Lamu kupitia huko, karibu kabisa na Meru.

Siku mwanasiasa atakapokuja na picha ya treni yenye pua ndefu, usimuulize inakimbia kiasi gani. Muulize kituo kitakuwa wapi, na ukikosa treni moja utasubiri nyingine kwa muda gani.